Sura ya Saba: Digrii Ninayo, Niko Kabazi, Sasa Nifanyeje?

Swali hili huja kwa sauti nyingi. Kuna aliyemaliza digrii ya saikolojia pale Egerton, Njoro, akarudi nyumbani Kabazi kusaidia shambani huku akitafuta kazi. Kuna aliyesomea biolojia au uuguzi, akavutiwa na ubongo baada ya kumuuguza nyanya yake aliyepatwa na kiharusi. Kuna mwalimu wa sekondari aliyekabidhiwa ofisi ya ushauri nasaha bila mafunzo yoyote, akajikuta anaipenda kazi hiyo kuliko kushika chaki. Wote wanauliza: naanzia wapi ili nisome shahada ya uzamili, yaani masters, au ya uzamivu, yaani PhD, katika saikolojia au sayansi ya ubongo?

Wengi huanzia kwenye fomu. Wanataka kujua ni karatasi zipi, mtihani upi, ada kiasi gani. Hayo tutayafikia, na si magumu. Kigumu ni kile kinachoitangulia fomu kwa mwaka mmoja au miwili: kuwa mtu mwenye swali lake, ambaye amewahi kulifuata swali fulani mpaka likatoa jibu, hata kama ni jibu dogo. Anayelima viazi wadi ya Kabazi, eneo bunge la Subukia, hana sababu ya kudhani kuwa hilo ni la watu wa Nairobi.

Unataka kuwa nani hasa?

Majina ya kazi hizi huchanganywa sana, hata na waliohitimu. Mtu akisema "nataka kuwa daktari wa akili" huenda anamaanisha moja kati ya kazi tano, na kila kazi ina mlango wake.

- Mshauri nasaha huwasaidia watu kukabiliana na ndoa, msiba, ulevi, shule na mengineyo kwa mazungumzo. Masters ya ushauri nasaha ipo karibu na nyumbani, Egerton na Kabarak.
- Mwanasaikolojia tiba hupima na kutibu matatizo ya akili kama sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, kwa njia za kisaikolojia. Haandiki dawa. Nchini mafunzo haya yanapatikana Chuo Kikuu cha Nairobi, USIU-Afrika na Daystar, miongoni mwa vingine.
- Daktari bingwa wa magonjwa ya akili ni daktari kwanza. Asiyesoma udaktari hawezi kuufikia ubingwa huu kwa digrii ya saikolojia, hata angekuwa na alama za juu namna gani.
- Mtafiti wa saikolojia huchunguza jinsi watu wanavyofikiri, wanavyokumbuka, wanavyolea watoto na wanavyoamua. Hatibu mtu.
- Mtafiti wa sayansi ya ubongo na neva huchunguza ubongo, uti wa mgongo na nyuzi zinazopeleka habari mwilini. Huyu anaweza kutoka saikolojia, lakini pia biolojia, udaktari, hisabati au kompyuta.

Tofauti hii ina uzito wa kisheria. Tangu 2014 Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, na bodi inayosajili wanaotoa huduma hizo. Nimekutana na vijana wanaotaka kuwatibu watu wa Subukia lakini wanaomba PhD ya sayansi ya ubongo Ulaya kwa kuwa jina lake lina kishindo. Mtu kama huyo anaweza kurudi na cheo cha Dokta huku hana ruhusa ya kukaa na mgonjwa hata mmoja. Kama lengo lako ni tiba, na wagonjwa wako watakuwa Wakenya, maoni yangu ni kwamba sehemu kubwa ya mafunzo yako ifanyike Kenya, ukisimamiwa na mtu anayejua mgonjwa wa Nakuru anaelezaje maumivu yake. Ng'ambo inafaa zaidi kwa anayetaka utafiti.

Kwa ufupi: chagua kazi kwanza, kisha shahada inayoelekea kwenye kazi hiyo. Sehemu kubwa ya sura hii inamlenga mtafiti, kwa sababu mshauri nasaha anaweza kupanda matatu hadi Nakuru na kuuliza maswali yake yote ana kwa ana.

Anayesoma maombi hutafuta nini

Idara ya chuo kikuu hupokea maombi mengi kuliko nafasi. Wanaoyasoma ni maprofesa wenye madarasa ya kufundisha na wanafunzi wa kusimamia, na huyasoma jioni. Alama hutazamwa mapema ili kupunguza rundo. Uingereza, kwa mfano, programu nyingi huomba kiwango kinachokaribia daraja la pili kitengo cha juu. Ukiwa na kitengo cha chini safari haijaisha, ila imepata kituo cha katikati: masters nzuri ya hapa nchini, au miaka kadhaa ya kazi ya utafiti inayoonyesha kwamba alama zile zimepitwa na wakati.

Baada ya alama, msomaji anajiuliza jambo moja. Je, huyu anajua utafiti ulivyo? Siku nyingi za utafiti zinachosha. Mtu hupiga simu kwa wazazi ambao hawakufika, husafisha data iliyoandikwa vibaya, hurudia kipimo kwa mtoto wa hamsini kwa sauti ile ile aliyotumia kwa mtoto wa kwanza. Chuo kitakachokulipia miaka mitano kinaogopa mtu atakayegundua mwaka wa pili kwamba hakuipenda kazi yenyewe. Ndiyo maana mradi mdogo wa mwaka wa nne, ulioufanya mwenyewe na kuukamilisha, una uzito kuliko vyeti kumi vya semina za siku moja.

Swali liko karibu kuliko unavyodhani

Chukua jambo ambalo kila nyumba ya wafugaji Kabazi inalijua. Mtoto wa gredi ya sita anaamka saa kumi na nusu alfajiri, anasaidia kukamua, anapeleka maziwa barabarani kabla gari halijapita, kisha anakwenda shule. Jioni ana kazi za mwalimu. Analala saa ngapi kwa usiku? Wanasayansi wa ubongo wanajua kwamba usingizini ndipo ubongo unapoimarisha yale uliyojifunza mchana. Basi swali hili hapa: watoto wa nyumba zenye ng'ombe wa maziwa hulala kidogo kuliko wenzao wanaoketi nao dawati moja? Na kama ndivyo, kumbukumbu yao inaathirika?

Utapimaje kumbukumbu? Kipimo cha zamani ni kumsomea mtoto tarakimu kwa sauti, naye azirudie, ukiongeza moja moja mpaka ashindwe. Hapo unakutana na mtego. Tarakimu za Kiingereza karibu zote zina silabi moja, na nyingi za Kiswahili zina mbili. Kumbukumbu ya muda mfupi hushika maneno mengi yakiwa mafupi, machache yakiwa marefu. Mwaka 1980 watafiti wa Wales walionyesha kwamba watu wanaojua Kiwelishi na Kiingereza walikumbuka tarakimu chache zaidi walipopimwa kwa Kiwelishi, kwa kuwa tu kuzitamka katika lugha hiyo huchukua muda zaidi. Kwa hiyo huwezi kumpima mtoto wa Kabazi kwa Kiswahili au Gikuyu, kisha ukafungua jedwali la alama za watoto wa Marekani na kusema huyu yuko nyuma.

Mhitimu aliyewaza mpaka hapo, hata kabla hajapima mtoto yeyote, ana la kumwambia profesa. Ana swali, ana sababu ya kuliuliza, ana kipimo, na ameuona udhaifu wa kipimo chake.

Wageni waliligundua jambo hili zamani, wakapanda ndege kuja kutafuta maswali kwetu. Mwaka 1972 Shirley Strum, akiwa mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alifika kwenye ranchi ya Kekopey karibu na Gilgil, ndani ya kaunti hii hii ya Nakuru, akaanza kuwatazama nyani. Aliona kwamba dume halifanikiwi kwa nguvu pekee, kwani urafiki na majike na watoto wao una thamani kubwa. Nyani walipoingia kwenye mashamba ya wakulima na kuzua ugomvi, alisaidia kuwahamishia Laikipia mwaka 1984. Utafiti ule uliendelea kwa miongo kadhaa, na vifaa vyake vya mwanzo havikuwa mashine za bei kubwa. Ulihitaji daftari, macho, na uvumilivu wa kukaa na kundi siku nzima.

Katika miaka hiyo ya sabini watafiti Charles Super na Sara Harkness waliishi Kokwet, jamii ya Wakipsigis katika nyanda za juu za magharibi. Watoto wachanga wa huko walikaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani. Waliotangulia walikuwa wamezoea kulieleza jambo hilo kwa asili ya Mwafrika. Super aliwatazama akina mama, akaona wanawafundisha watoto kukaa na kutembea kwa makusudi, na hata wana maneno maalumu ya mafunzo hayo. Katika yale ambayo mama hakuyafundisha, kama kutambaa, watoto wa Kokwet hawakuwa mbele. Mwaka 2001 kikundi cha mwanasaikolojia Robert Sternberg, akiwemo Profesa Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, kilitangaza utafiti uliofanyika kijijini karibu na Kisumu: watoto waliojua zaidi dawa za mitishamba hawakuwa wale waliofanya vizuri kwenye mitihani ya mtindo wa darasani. Mara nyingi ilikuwa kinyume.

Na yuko aliyekuja akatoka na jibu baya. Daktari J. C. Carothers alipewa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, mwaka 1938, bila kuwa na mafunzo ya kibingwa ya magonjwa ya akili, akaiongoza hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilimchapishia maelezo yake ya saikolojia ya Mau Mau. Babu na nyanya za watu wengi wa Subukia walikuwa wakati huo vibarua na maskwota kwenye mashamba ya walowezi. Sidhani kuna sababu nzuri kuliko hiyo ya kutaka mtu wa kwao akae upande wa pili wa meza ya kipimo.

Ila si kila swali lililo karibu ni la mwanafunzi kuliuliza. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Patel lilipasuka Solai, jirani zetu, likaua zaidi ya watu 40. Swali la nini kilibaki katika akili za watoto walionusurika ni zito na la kweli. Lakini mtu asiye na mafunzo akienda pale na hojaji, akafungua kidonda asichoweza kukifunga, amedhuru. Utafiti wowote unaohusu watu Kenya unahitaji idhini ya kamati ya maadili, yaani jopo linalokagua kama washiriki watalindwa, pamoja na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi. Watoto wanahitaji ridhaa ya mzazi na kukubali kwao wenyewe. Usikusanye data kwa haraka ukitumaini kuomba ruhusa baadaye. Ukiandika kwenye maombi yako kwamba ulifanya utafiti bila idhini, umejifungia mlango kwa mkono wako.

Pa kujifunzia kazi

Swali peke yake halitoshi. Lazima uonekane umefanya kazi na watu wanaojua.

Mfano mkubwa nchini ni Kilifi. Kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome kilianzishwa huko 1989 kwa ajili ya malaria. Madaktari waliowatibu watoto wenye malaria ya ubongo waliona kwamba baadhi hupona homa lakini hubaki na kifafa, ugumu wa kusema au wa kujifunza. Kutoka hapo kikazaliwa kikundi cha sayansi ya ubongo kilichoongozwa na Charles Newton. Ikabidi pia kutengeneza vipimo, maana kipimo kinachomtaka mtoto apange vitu ambavyo hajawahi kuviona kinapima mazoea kuliko akili. Profesa Amina Abubakar, mwanasaikolojia Mkenya, ni mmoja wa waliounda kipimo cha ukuaji wa watoto wadogo kinachobeba jina la Kilifi. Uzamivu wake aliufanyia Chuo Kikuu cha Tilburg, Uholanzi, juu ya watoto wa Kilifi. Soma sentensi hiyo tena kama wewe ni mwombaji: shahada ya Uholanzi, swali la Pwani.

Vituo kama hicho, Taasisi ya Ubongo na Akili ya Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Nairobi, na mashirika kama Shamiri, huajiri wasaidizi wa utafiti. Kazi hii ni ya mkataba, mshahara wake ni wa wastani, na ndiyo ngazi bora ninayoijua. Shamiri, iliyoanzishwa na kijana Mkenya Tom Osborn, iliwafunza vijana waliotoka tu sekondari kuongoza vikao vifupi na wanafunzi wenye sonona na wasiwasi. Matokeo ya jaribio lao yalichapishwa 2021 katika mojawapo ya majarida makubwa ya magonjwa ya akili duniani. Katika kazi kama hizo ndipo Kiswahili chako, Gikuyu chako au Kitugen chako kinapokuwa sifa ya kazi. Kiandike kwenye wasifu wako.

Usipopata ajira, mwendee mhadhiri. Kabazi imezungukwa na vyuo: Egerton ng'ambo ya Nakuru, Kabarak, na Laikipia kule Nyahururu. Usimwambie "Daktari, naomba unisaidie nipate uzoefu," kwa sababu hilo linamwongezea mzigo. Mwambie: "Daktari, nimesoma makala yako kuhusu ulevi wa vijana. Naweza kuja siku mbili kwa wiki kuingiza hojaji kwenye kompyuta na kuzikagua." Kuna wahadhiri wenye hojaji kwenye makasha ambazo hazijawahi kuguswa.

Kwa anayeelekea kwenye ubongo wenyewe, usikatishwe tamaa na kukosa mashine. Chama cha Wanasayansi wa Neva Afrika, SONA, kilianzia Nairobi mwaka 1993, na pamoja na shirika la kimataifa la utafiti wa ubongo, IBRO, huandaa mafunzo kwa vijana wa bara hili. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 shirika la TReND lilianza kufundisha sayansi ya neva Ishaka, Uganda, kwa kutumia wale nzi wadogo wanaozunguka ndizi mbivu. Ni rahisi kuwafuga, hawahitaji maabara ya mamilioni, na chembe za neva zao hufanya kazi kwa misingi ile ile ya zetu. Tangu 2020 kuna pia Neuromatch, shule ya mtandaoni ya kuchambua data za ubongo kwa kompyuta. Ada yake hupangwa kulingana na nchi unayotoka, na masomo yake yako wazi kwa yeyote.

Jambo moja ningelilazimisha kama ningekuwa na mamlaka: takwimu. Jifunze programu ya R au Python, zote ni za bure. Bando likiwa tatizo, nenda saiba mjini mara moja, pakua programu, vitabu na data, urudi ufanyie kazi nyumbani bila intaneti. Mwenye saikolojia pamoja na takwimu ana nafasi katika maabara nyingi, na hata asipopata chuo atapata kazi.

Kwa ufupi: mwaka mmoja wa kazi ya kweli na mtu anayejulikana katika fani, ukiongeza takwimu, unazidi mwaka wa kusubiri nyumbani ukituma maombi.

Barua za mapendekezo

Marekani huomba barua tatu mara nyingi, Uingereza mbili. Barua ya pendekezo huandikwa na mtu anayekujua kazini, na hutumwa moja kwa moja chuoni bila wewe kuiona. Kosa la kawaida ni kutafuta jina kubwa. Mbunge, askofu au mkuu wa chuo atasema wewe ni kijana mwadilifu kutoka familia njema. Mhadhiri wa kawaida aliyesimamia mradi wako atasema uligundua kosa kwenye data ambalo yeye mwenyewe hakuliona. Barua ya pili ndiyo inayofungua mlango.

Muombe miezi miwili kabla. Mpe wasifu wako, rasimu ya maelezo yako, orodha ya vyuo na tarehe, na mkumbushe mambo mawili matatu mliyofanya pamoja, kwa maana ana mamia ya wanafunzi. Kumkumbusha tena wiki mbili kabla ya tarehe si kukosa adabu. Akikwambia "andika mwenyewe nitie sahihi," mwombe kwa heshima aiandike yeye, hata iwe fupi, huku ukimpa hoja za kutosha. Wasomaji huzitambua barua tatu zilizoandikwa kwa mkono mmoja.

Maelezo ya nia

Haya ni maandishi ya ukurasa mmoja au miwili kuhusu unachotaka kuchunguza na kwa nini unakiweza. Utayaandika kwa Kiingereza, lakini nakushauri uyawaze kwanza kwa lugha unayoota nayo. Kiingereza cha shule kinatuzoesha maneno makubwa yasiyobeba kitu.

Mwanzo dhaifu ni huu: "Tangu utotoni nimekuwa na shauku kubwa ya kuelewa akili ya binadamu." Kila mwombaji ameandika hivyo, na wa Beijing na wa Boston. Mwanzo wenye nguvu ni huu: "Katika mradi wangu wa mwaka wa nne niliwauliza wanafunzi wa shule mbili waliamka saa ngapi na kwa nini. Nilitarajia umbali wa shule ndio ungeamua. Kumbe ilikuwa ng'ombe." Msomaji atataka kuendelea.

Usigeuze umaskini kuwa hoja kuu. Taja magumu pale yanapoeleza jambo, kwa mfano muhula ulioanguka ulipokuwa ukimuuguza mzazi, kwa sentensi mbili, kisha rudi kwenye kazi. Ukiwa na ugonjwa wa akili wako mwenyewe au wa nyumbani uliokuleta kwenye fani, pima sana kabla ya kuueleza kwa urefu. Nchi nyingi bado zinausoma vibaya, hata katika idara za saikolojia, jambo ambalo ni aibu yao.

Taja kwa majina maprofesa wawili au watatu ambao kazi zao umezisoma. Katika saikolojia, Marekani hasa, mara nyingi profesa mmoja ndiye anayekuchukua, kwa hiyo mwandikie barua pepe fupi kuanzia Agosti au Septemba: wewe ni nani, swali lako, makala yake uliyoisoma, na kama anapokea wanafunzi mwaka ujao. Aya mbili zinatosha. Programu nyingi za sayansi ya ubongo huwapitisha wanafunzi katika maabara kadhaa mwaka wa kwanza, hivyo huko kumwandikia profesa si sharti.

Nchi, karatasi na tarehe

Marekani unaweza kuingia PhD moja kwa moja kutoka digrii ya kwanza. Programu za utafiti huchukua miaka mitano au sita, na nyingi hulipa karo na kukupa posho. Tarehe za mwisho nyingi huangukia Desemba. Idara nyingi zimeacha kudai mtihani wa GRE, ila hakikisha kwenye ukurasa wa idara yenyewe. Ujue pia kwamba mwaka 2025 fedha za utafiti za serikali ya huko zilipoyumba, vyuo kadhaa vilipunguza au kusitisha kupokea wanafunzi wapya wa PhD. Usiweke maombi yako yote nchi moja.

Uingereza masters ni mwaka mmoja, na PhD miaka mitatu au minne baada yake. Ufadhili wa Chevening hufunguliwa Agosti, hudai takriban miaka miwili ya kazi, na ukimaliza lazima urudi nyumbani kwa miaka miwili. Wenye familia wajue kwamba tangu Januari 2024 mwanafunzi wa masters ya darasani hawezi kumleta mwenzi wala watoto.

Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi karo. Masters za saikolojia kule mara nyingi ni kwa Kijerumani, lakini za sayansi ya neva, kama za Göttingen na Tübingen, zipo kwa Kiingereza. Afrika Kusini kuna mwaka wa kati uitwao honours kabla ya masters, kwa hiyo uliza digrii yako ya miaka minne itahesabiwaje.

Kuhusu karatasi nina machache. Omba transkripti, yaani orodha rasmi ya alama zako, mapema sana. Kila mhitimu wa Kenya anajua visa vya alama zilizopotea, na kulifuata somo moja lisilo na alama kunaweza kula muhula mzima. Vyuo vingi hukubali nakala isiyo rasmi wakati wa kuomba. Jina kwenye kitambulisho, pasipoti na cheti liwe moja. Ada ya maombi Marekani huzidi dola 50 kwa kila chuo, lakini vyuo vingi humsamehe asiyeweza. Andika barua pepe uombe kabla ya kulipa. Vyuo vingine pia husamehe mtihani wa Kiingereza kwa aliyesoma digrii yake kwa Kiingereza.

Barua ya kukubaliwa isiyo na fedha

Majibu ya Marekani huja kati ya Januari na Aprili. Vyuo vingi vimekubaliana kumpa mwanafunzi aliyeahidiwa fedha hadi Aprili 15 kuamua, kwa hiyo usikubali kuharakishwa.

Jibu gumu kuliko yote ni "umekubaliwa, lipa mwenyewe." Hili huja zaidi kutoka Uingereza, na huja na nembo nzuri juu yake. Mzee analichapisha, analionyesha kanisani, na wiki hiyo hiyo kuna kikao cha harambee, na mjomba ametaja ekari mbili za upande wa mtoni. Hapa nina msimamo mkali. Karo ya masters ya saikolojia au sayansi ya ubongo kwa mgeni Uingereza mara nyingi hupita pauni 20,000, zaidi ya shilingi milioni 3 kabla hujala wala kulipa nyumba. Mwaka mmoja baadaye utarudi na shahada ambayo kwa kazi nyingi za hapa italipwa sawa na ya Njoro, na ekari zile zitakuwa na hatimiliki ya mtu mwingine.

Kabla tarehe ya kulipa arbuni haijafika, andikia ofisi ya udahili uombe nafasi yako iahirishwe mwaka mmoja. Baadhi ya vyuo hukubali. Agosti ikifika, omba Chevening, ufadhili wa Jumuiya ya Madola na Mastercard Foundation, ukiwa na barua hiyo mkononi kama ushahidi kwamba chuo tayari kinakutaka. Mwaka huo wa kungoja uutumie kwenye hojaji za yule mhadhiri.